Nyumba za Mizuka: Ipi Inayojua Kutisha?

Kila likizo ya majira ya joto inapomalizika na watu wa hapa Maskati wakaanza kurejea, mazungumzo ya barazani huwa ni yale yale: nani kawapeleka watoto Paris, nani kafika Florida, na nani kaishia Dubai kwa gari yake. Ukiwauliza watoto walichokipenda, watakutajia vile vigari vya kasi vinavyompindua mtu kichwa chini miguu juu. Mimi leo nataka kuzungumza juu ya kitu chengine kilichomo katika bustani hizo hizo za burudani, ambacho hakina kasi wala hakimpindui mtu: ile nyumba ya giza unayopitishwa ndani yake, umekalishwa katika kigari, ukaoneshwa mizuka. Nimezipanda nyingi kwa miaka mingi, nyengine zaidi ya mara moja, na naona inafaa tuzipime kama tunavyopima riwaya au tamthilia, maana kazi yake ni ile ile, kumhadithia mtu jambo lisilokuwapo mpaka akaliona.

Kiswahili chetu kinayo maneno mawili yatakayotufaa hapa: mazingaombwe na kiinimacho. Watu huyatumia kama pacha, lakini mimi husikia tofauti ndani yake. Mazingaombwe yana mtendaji. Yuko mtu mbele yako, mikono yake inakwenda, mdomo wake unasema, nawe unamvizia umfume. Kiinimacho, kama jina lenyewe linavyosema, kimo ndani ya jicho lako mwenyewe. Hakuna wa kumvizia. Umekaa, umetazama, na jicho lako ndilo lililokusaliti. Nyumba nzuri ya mizuka ni kiinimacho. Nyumba mbaya ni mtu aliyejificha nyuma ya mlango akakupigia kelele.

Siri kubwa ya nyumba hizi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Ukitaka kuijua, usiku washa taa ya sebuleni kisha simama mbele ya dirisha bila ya kuvuta pazia. Utaliona jengo la jirani kule nje, na papo hapo utaiona taa yako, makochi yako na wewe mwenyewe mkielea juu ya barabara. Kioo kimefanya kazi mbili kwa wakati mmoja: kimekuachia uone upande wa pili, na kimekurejeshea upande wako. Zima taa, nawe utatoweka pale barabarani. Basi ndio hayo tu. Mhandisi wa Kiingereza, Henry Dircks, alifikiria mwaka 1858 namna ya kulitia jambo hili katika mchezo wa kuigiza, na John Henry Pepper, aliyekuwa akisomesha kemia, akalirahisisha liweze kufanyika katika ukumbi wa kawaida. Alilionesha mkesha wa Krismasi wa mwaka 1862 katika Royal Polytechnic ya London, katika kisa cha Charles Dickens. Kioo kikubwa kiliegeshwa baina ya watazamaji na jukwaa. Mchezaji aliyefichwa shimoni akamulikwa kwa taa kali, na watu wakamwona juu jukwaani, anapenyeka kama moshi. Mpaka leo kiinimacho hicho kinaitwa kwa jina la Pepper, na Dircks maskini kasahauliwa.

Sisi tunaoishi upande huu wa dunia tuna haki ya kukumbusha kwamba zaidi ya miaka 800 kabla ya Pepper, mtu wa Basra, Ibn al-Haytham, alikwishaandika katika Kitab al-Manazir kwamba jicho halitoi mwanga wa kwenda kukitafuta kitu. Mwanga hutoka kwenye kitu ukaja jichoni. Ukilifahamu hilo, umefahamu kwa nini jicho linaweza kudanganywa. Jicho hupokea kinacholetwa, na halina njia ya kuuliza kimepitia wapi.

Sasa tuingie ndani. Mama wa nyumba zote hizi za siku hizi ni Haunted Mansion ya Disneyland, California. Nje yake ilikwisha kujengwa mwaka 1963, lakini haikufunguliwa mpaka tarehe 9 Agosti 1969, na katikati hapo Walt Disney mwenyewe akafariki, Disemba 1966. Miaka sita nyumba imesimama, nyeupe, safi, haina mtu, na watu wa California wakipita wakiuliza kuna nini ndani. Ndani kulikuwa na mabishano. Marc Davis, mchoraji, alitaka watu wacheke. Claude Coats, fundi wa mandhari, alitaka watu waogope. Yale Gracey na Rolly Crump walikuwa wakicheza na vioo na taa. Mwisho wake nyumba ikagawanywa kama urithi. Nusu ya kwanza ya safari ina vyumba na milango, na karibu huoni mzuka hata mmoja waziwazi: kitasa kinazunguka, mlango unavimba kama unaovuta pumzi, ukumbi mrefu hauna mwisho. Nusu ya pili ni makaburi yenye mizuka inayoimba na kufanya mzaha.

Wapo wanaoona mgawanyo huo ni kasoro. Mimi naona makaburi ndiyo kasoro, mgawanyo hauna ubaya. Mzuka unaoimba vizuri namna ile hunifurahisha, lakini haunitishi tena.

Ila baina ya nusu mbili hizo kuna ukumbi wa karamu, na hapo ndipo ninapomvulia kofia Gracey. Kigari kinapita kama juu ya roshani, na chini yako kuna chumba kikubwa chenye meza, kinanda na vumbi. Mara mizuka inakuja, inakaa mezani, inacheza dansi, halafu inatoweka ukiwa unaitazama. Ni kioo cha Pepper kile kile, lakini kikubwa mno, na masanamu yenyewe yamefichwa juu na chini ya njia unayopita. Unachokiona ukumbini ni sura zao tu. Na kwa kuwa kioo hugeuza kulia kushoto, ukiwatazama sana wale wanaocheza utaona kwamba wanawake ndio wanaowaongoza wanaume, kinyume cha desturi ya dansi ile. Nimewahi kusoma watu wakilicheka hilo kama ni kosa. Kwangu mimi ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Katika nyumba ya wafu kuna jambo dogo halikukaa sawa, na jicho limelihisi kabla ya akili kulipatia jina.

Hilo ndilo ninalolitafuta katika nyumba hizi, na nililijua kabla sijaingia hata moja. Nani katika sisi hakusimuliwa hadithi ya yule mwanamke mzuri wa usiku? Mtu anatembea peke yake, anamkuta mwanamke kajifunga buibui, ananukia udi, wanazungumza, wanakwenda pamoja. Hakuna kelele wala damu. Mpaka pale buibui linapopeperuka kidogo na yule bwana akaangalia chini, akaona kwato za mbuzi. Anakimbia, anakimbia, mpaka anamkuta askari chini ya taa. Anamweleza, huku anatweta, kwamba kamwona mtu mwenye miguu ya mbuzi. Askari anamsikiliza kwa utulivu, kisha anapandisha suruali yake: "Kama hii?"

Waarabu wa Ghuba nao wana Umm al-Duwais, mzuri, mwenye kunukia, na mwenye miguu ya punda. Kwa hivyo khabari hii ni yetu ya pande zote mbili. Tazama ilivyojengwa. Kwanza uzuri, tena alama moja ndogo inayoonekana kwa kuchelewa. Halafu unapewa raha, umefika penye taa, umeokoka. Na hapo ndipo unapopigwa kwa mara ya pili. Watu wa Haunted Mansion, nadhani bila ya kuijua hadithi yetu, walijenga vivyo hivyo. Makaburi yakishapita na wewe ukajua safari imekwisha, kigari kinageuka mbele ya vioo. Unajiona mwenyewe umekaa, na ubavuni mwako kakaa mzuka. Kule Florida, ambako nyumba kama hii ilifunguliwa na bustani yenyewe tarehe 1 Oktoba 1971, vioo hivyo vilibadilishwa mwaka 2011 vikatiwa picha za kompyuta, mizuka ikawa inabadilishana vichwa na abiria. Watoto wanacheka sana. Lakini mzuka unaocheza na kichwa chako umekuwa mchekeshaji. Yule wa zamani aliyekaa kimya tu, kama abiria mwenzako wa daladala, alikuwa na uzito zaidi.

Nitaongeza vitu viwili upesi upesi kabla sijaiacha California. Kimoja ni yale masanamu ya vichwa ukutani yanayokufuata kwa macho. Hayana mashine. Sura zimechongwa kwa ndani, kama upande wa ndani wa kinyago, zikamulikwa kwa nyuma, na akili yako inakataa kuamini kuwa uso wa mtu unaweza kuwa shimo, kwa hivyo inautokeza nje. Cha pili ni mzuka mwenye sanduku la kofia, ambaye kichwa chake kilikuwa kitoweke mabegani kikatokee sandukuni. Mwaka 1969 alikaa muda mfupi tu akaondoshwa, kwa kuwa mwanga uliokuwapo haukukiacha kichwa kipotee. Akarudishwa mwaka 2015 kwa ufundi mpya. Miaka 46 ya kungojea kichwa kimoja! Yule wa mwanzo, aliyeshindwa, kazungumzwa kuliko mizuka wote waliofanikiwa.

Sasa Paris. Phantom Manor ilifunguliwa pamoja na bustani yake tarehe 12 Aprili 1992. Viinimacho vingi ni vile vile, na ukumbi wa karamu upo. Lakini nyumba hii imekaa juu ya kilima, imechakaa, mbao zimepauka, na ina jambo ambalo dada yake wa California hana, nalo ni mtu mmoja wa kumhurumia. Bibi arusi, Mélanie Ravenswood, anamngojea bwana harusi asiyefika. Unamkuta chumba baada ya chumba, kila mara mkongwe zaidi, na shela lile lile. California ina mizuka 999 nami sina niliyemkumbuka nikalala naye mawazoni. Paris ina mwanamke mmoja, nami nikitoka namfikiria njia nzima. Kwa jicho, California inashinda. Kwa moyo inashinda Paris, na mimi ni mtu wa hadithi, kwa hivyo naipa Paris nafasi ya kwanza, ijapokuwa vioo vyake havinishangazi kwa kadiri ile.

Naipa nafasi hiyo kwa masharti. Mwaka 2019 nyumba ilitengenezwa upya, ikafunguliwa ikiwa safi zaidi na imeelezwa zaidi. Wachumba sasa wamehesabika, wako wanne, kila mmoja kachorwa ukutani na ajali iliyomuua. Zamani hukujua kwa hakika yule mwovu anayecheka ni nani. Baba yake, au mauti yenyewe, au nyumba. Kila aliyetoka alikuwa na kisa chake, na ubishi wa njiani mpaka hotelini ulikuwa nusu ya raha. Sasa umeambiwa. Bibi zetu walijua kuwa jini haulizwi jina la baba yake. Yeyote anayeandika hadithi na akashikwa na hamu ya kufafanua, aende Paris akaone hasara yake.

Kule Hong Kong wamefanya jambo jengine kabisa. Mystic Manor, iliyofunguliwa Mei 2013, haina maiti hata mmoja. Ni nyumba ya msafiri tajiri wa Kiingereza, Lord Henry Mystic, aliyejaza vyumba vyake vitu alivyovikusanya duniani, na kima wake, Albert, anafungua kisanduku cha muziki kisichofaa kufunguliwa. Vumbi la mwanga linatoka, na kila linachokigusa kinapata uhai: picha zinabadilika, silaha zinatembea, masanamu yanageuka. Vigari havina reli, vinatawanyika na kukutana tena kama watu wanaotembelea jumba la makumbusho, na muziki wa Danny Elfman unakufuata chumba kwa chumba. Kwa ufundi, sijaona nyumba iliyokamilika zaidi. Nilipotoka mara ya kwanza, hata hivyo, nilijikuta nikiwaza juu ya bwana mwenye nyumba: vitu vya watu wa mbali, vimechukuliwa kwao, vimefungiwa makabatini, na usiku mmoja vinaamka vyote kwa hasira. Sisi watu wa Afrika Mashariki tunaijua makumbusho ya namna hiyo. Sidhani kuwa waliojenga walikusudia hayo, na mwisho wake kima anakifunga kisanduku na kila kitu kinarudi kabatini kwa adabu, jambo lililonikera kidogo.

Ulaya zipo nyengine ambazo jamaa zetu wanazijua. Wale wa Uingereza watakuwa wameipanda nyumba ya Alton Towers, iliyoanza mwaka 1992, ikageuzwa mwaka 2003 na kupewa jina la Duel, ambapo kila abiria alitiwa bunduki ya mwanga mkononi awapige mizuka. Sijui kosa kubwa kuliko hilo. Mtu mwenye bunduki haogopi wala hatazami, anahesabu pointi tu. Ilifungwa mwaka 2022, na mwaka uliofuata ikaja hadithi mpya ya msichana aitwaye Emily, bila ya bunduki, alhamdulillahi. Uholanzi, katika bustani ya Efteling, palikuwa na Spookslot kuanzia 1978 mpaka 2022. Hapo hukupanda chochote. Ulisimama na wenzako gizani ukatazama magofu, na kwa muziki wa Saint-Saëns vitu vikainuka kimoja kimoja. Vijana waliiona inachusha. Mimi nilikuwa naiona kama kukaa mkekani kusimuliwa, na nilisikitika ilipobomolewa, ingawa Danse Macabre iliyofunguliwa mahali pake Oktoba 2024, jukwaa zima likizunguka na watu wake, inatumia muziki ule ule.

Na hapa kwetu Ghuba? Aliye Maskati akitaka nyumba ya mizuka hupanda gari akaenda Imarati. Katika IMG Worlds of Adventure ya Dubai, iliyofunguliwa Agosti 2016, ipo The Haunted Hotel. Unaingia kwa miguu, njia zinapindapinda, na waigizaji waliovaa kama maiti wanakurukia. Watu wanapiga mayowe na wanatoka wakicheka, na wale waigizaji wanafanya kazi ngumu kwa bidii. Lakini ni mwili tu uliostuka, kama unavyostuka pikipiki ikipiga honi nyuma yako. Ukifika kwenye gari umeshasahau. Abu Dhabi, katika Warner Bros. World iliyofunguliwa mwaka 2018, wamewatengenezea watoto safari ya Scooby-Doo ndani ya makumbusho, nayo ni nzuri kwa kiasi chake, maana katika katuni ile mzuka siku zote ni binaadamu aliyevaa barakoa.

Najua wapo wazee watakaosoma haya na kuuliza kama inafaa kabisa kuchezea mambo ya ghaibu. Suala hili silidharau. Tunaijua khabari ya wachawi wa Firauni na kamba zilizoonekana zinatembea. Ninachokiona mimi ni kwamba Pepper alikionesha kioo chake katika nyumba ya elimu, na anayemfundisha mtoto namna jicho linavyodanganywa huwa anamkinga na matapeli, khasa siku hizi ambapo picha ya mtu yeyote inaweza kufanywa iseme chochote. Na kama ni maiti wanaomtia mtu wasiwasi, basi Hong Kong wameonesha kuwa nyumba inaweza kutisha bila ya maiti.

Ninalolilalamikia mimi ni kwamba mizuka yote hii ni wageni wetu. Mtoto wa Al Khuwair anamjua Drakula na anaujua mti mkavu wa makaburi ya Marekani, na hajawahi kusikia paukwa ikajibiwa pakawa. Na hadithi zenyewe hazijakwisha. Oman ina Bahla, ambayo mpaka leo watu huitaja kwa kupunguza sauti. Unguja ina Dunga, njia ya Chwaka, kasri ya Mwinyi Mkuu ya katikati ya karne ya 19, ambayo sasa ni kuta tu zisizo na paa, na kisima ambacho watu husimuliana mambo yake. Hakuna taa pale wala kioo, na bado nimewaona watu wazima wakitafuta sababu ya kuondoka kabla ya magharibi.

Kama siku moja yuko mtu mwenye fedha na mwenye subira atakayetaka kuijenga ya kwetu, namwomba asianze na mavazi ya maiti. Aanze na yule mwanamke wa buibui, na amwite fundi wa vioo. Kazi itakuwa ngumu, na nimeifikiria mara nyingi. Msimulizi huweza kuchelewesha kwato mpaka atakapo, lakini kigari hakisimami, na kila abiria anatazama anakotaka. Ukiziweka kwato penye mwanga, wa kigari cha mbele wataziona mapema na kupiga kelele, wakawaharibia wa nyuma. Ukiziweka gizani, nusu ya watu watapita wasione kitu. Labda kioo kikatwe magotini: chumba cha kwanza umwone mwanamke mzima isipokuwa miguu, kwa kuwa ukingo wa roshani umekuziba, vyumba vitatu vipite, umemsahau, halafu kigari kishuke ngazi moja tu, polepole, chini ya usawa wa ule ukingo. Na yule kijana wa mlangoni, anayekufungulia mkanda na kukutakia safari njema, naye avalishwe suruali ndefu.